Pasi Yangu Mbele ya Wazazi

Kavimvira, Uvira

Kwako dada yangu Sofia,

Asalaam aleikum. Mugongo iko namna gani sasa? Na muhogo wa hapo Luvungi, umekauka vizuri? Sisi tuko wazima, Mungu asifiwe. Nimekuandikia kwa sababu simu ingekula unite zote kabla sijamaliza kujisifu. Vumilia tu, weye ndiye dada yangu.

Unajua Tumaini wangu anafundisha shimi, hii kemia. Wazazi fulani walinung'unika kwamba binti mudogo vile hawezi kufundisha darasa la mwisho. Basi prefe, mukubwa wa shule, akawaita waje wamsikilize wenyewe. Akishindwa, darasa atapewa mwingine. Asubuhi ile Tumaini akaniomba pasi yangu ya makala, ya mkaa. Nikampa, ila nikamkataza kusema ni ya nani. Binti ya mupiga pasi, wangemuheshimu kweli?

Nikakaa nyuma kabisa ya darasa. Tumaini akachukua shati la pamba lililojikunja, akalipiga pasi likiwa kavu, mikunjo ikabaki. Akanyunyiza maji, akapiga tena, likanyooka. Akaeleza kwamba ndani ya pamba hidrojeni ya uzi mmoja inavutwa na oksijeni ya uzi wa jirani, zinashikana. Wanaita kifungo cha hidrojeni. Kimoja ni dhaifu, lakini viko vingi mno. Maji yanaingia katikati na kuvilegeza, moto unayafukuza maji, nyuzi zinashikana upya zikiwa zimenyooka. Akasema hata maji yenyewe yanashikana hivyo. Bila hivyo, Tanganyika yote ingekuwa mvuke. Watu wakageuka kuangalia ziwa dirishani. Na miye nimenyunyiza maji maisha yangu yote bila kujua ninafungua nini!

Sasa nikuambie linaloniuma. Mzazi mmoja, Donatien, alikuwa ameniuliza kazi yangu pale nyuma, nikamjibu ninauza vitenge mpakani. Mara mzazi mwingine akauliza mwalimu alianzia wapi kuyawaza haya. Tumaini akajibu wazi, "Nilianzia chini ya meza ya baba yangu. Yeye ni mpiga pasi hapa Kavimvira. Ameketi pale nyuma."

Haya ilinishika, dada, kisha ikaniachia. Nikasimama. Donatien ndiye aliyeanza kupiga makofi. Prefe akasema darasa ni la Tumaini.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Kwa Idi mje huku, na nguo zenu msizipige pasi.

Ndugu yako,
Tariki, mupiga pasi wa Kavimvira, baba ya mwalimu