Siku Wachimbaji Wangu Walipopanda Boti

Segese, Msalala
Jumanne, 8 Oktoba 2024

Mdogo wangu Agatha, Mama Ritha,

Marahaba. Najua safari hii hukuniamkia, lakini mimi nimeitikia hivyo hivyo, maana ni dada yako hata ukinuna. Habari za hapo Ushirombo? Mama anaendeleaje na goti lake? Ritha na mdogo wake wamepona kile kikohozi? Mimi huku sijambo, nadunda, nimenenepa mpaka magauni ya mwaka jana yamegoma. Mvua zimeanza kudondoka kidogo kidogo, vumbi la Segese limetulia, na mboga sokoni zimeanza kurudi.

Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Dakika nne na nusu! Nimeusikiliza mara tatu, na mara ya tatu nilijifungia chooni ili Maganga, msimamizi wa duara langu la kuchimbia dhahabu, asisikie unavyonipa vidonge vyangu. Umeniuliza jambo moja tu. Yule mtu kwenye video, aliyerukia ukuta wa mawe akajibanza na mikono kichwani, ni mume wako Benedict au siye? Na kama ndiye, mtu anayefanya kazi juu, kwenye winchi, amejifunzia wapi kujibanza vile? Ukasema kama Benedict anashuka shimoni, basi kwako asirudi, abaki huko huko na mawe yake. Nilikujibu haraka haraka kwamba alikuwa anawaiga wenzake. Leo nimeamua kuandika barua kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na mimi nikikatizwa nakasirika nasema nisiyotaka. Soma mpaka mwisho. Usirukeruke mistari, nakujua.

Safari yenyewe niliipanga mimi. Duara limetoa vizuri mwaka huu, lile lile walilosema mwanamke hataliweza, atalia wiki mbili arudi kuuza vitumbua. Wenye maduara wengine mambo yakiwanyookea huchinja mbuzi na kushusha makreti ya bia, na kesho yake utaona nani kavunjwa jino na nani kakimbiwa na mke. Nikasema watu wangu hapana. Siku moja nilikuwa dukani kwa Mehjabin, mke wa Altaf, wale wanaotuuzia kamba, buti na taa za kichwani. Akanionyesha kwenye simu yake picha za familia yake wakiwa kwenye boti, katikati ya korongo, kuta za mawe pande zote mbili na maji ya kijani chini. Akaniambia ni Mto Nyabugera, mbele ya Geita kuelekea ziwani, unakaa tu kwenye boti unatazama ndege na kula karanga, hakuna anayekuuliza kitu. Nilipenda hapo hapo. Nikamwambia Jumapili ile ile nakodi Kosta.

Basi tukaenda watu kumi na wanne, baada ya misa ya kwanza. Ungewaona, mdogo wangu! Watu ninaowajua kwa kaptula na matope walikuja na mashati ya kunyooshwa, wengine na tai. Maganga alivaa suti aliyoolea. Mageni, mpishi wetu, alikuja na miwani ya jua na sufuria la pilau kapakata miguuni. Tulipita Bugarama, tukapita Geita, tukashuka mpaka mtoni tukamkuta mwenye boti, anaitwa Amosi, mtu mpole asiyecheka ovyo. Akatuvisha jaketi okozi mmoja mmoja, akatupanga kwenye mabenchi, akatueleza sheria moja tu: mtu asisimame. Wote wakaitikia, ndiyo kaka, kwa heshima kubwa.

Agatha, pale ni pazuri. Siongezi chumvi. Tulipoingia korongoni Amosi alizima injini akaacha maji yatubebe. Kuta zile zinapanda juu kuliko mnara wa kanisa la hapo kwetu, na huko juu kabisa unaona kipande chembamba cha anga. Pimbi wamekaa kwenye mawe wanaota jua, mnandi wananyoosha mbawa. Mimi tangu nianze kazi hii sijawahi kukaa saa nzima bila kumfokea mtu. Siku hiyo nilikaa. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Lakini hao watu wangu! Amosi anawaonyesha furukombe juu ya mti, wao wanatazama ukuta. Mmoja akauliza ule mstari mweupe kwenye jiwe unaelekea mashariki au unazama chini. Mwingine akataka kujua leseni ya eneo hili ni ya nani. Maganga alitoa mkono nje ya boti akagonga mwamba kwa pete yake ya ndoa, akasikiliza, akatikisa kichwa kwamba hapa hamna kitu. Amosi akaninong'oneza akiuliza kama hawa ni watu wa serikali wamekuja kupima. Nikamwambia hapana baba, hawa wamekuja kupumzika, ndivyo wanavyopumzika.

Mtu pekee aliyekuwa anatazama ndege ni mume wako. Alikaa mbele, mkono mmoja kautia majini, mwingine umeshika simu, anapiga picha kila kitu mpaka kenge. Alimuuliza Amosi kama watoto wanaruhusiwa, na kama kuna jaketi dogo la kumtosha Ritha. Akaniambia Krismasi lazima akulete, akae nawe pale pale mbele. Picha hizo ndizo alizokutumia siku zote hizi, nawe ukawa huzifungui.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Tulikuwa tumefika mahali pembamba kabisa, ukinyoosha mkono unagusa jiwe. Huko juu nyani wakawa wanafukuzana, na mmoja akasukuma jiwe. Tulisikia likigonga ukuta linakuja. Maganga, bila hata kufikiri, akapiga ukelele kama anavyopiga mdomoni mwa shimo miaka yote: Jiwe!

Wewe hujawahi kufika kazini kwangu, kwa hiyo nikueleze. Mtu aliye chini akisikia neno hilo hatazami juu. Hakimbii. Anarukia ukuta ulio karibu, anabandika mgongo, mikono kichwani, na habanduki hapo mpaka walio juu waseme Kwema. Asiyefanya hivyo tunamrudisha kwao kwenye jeneza. Nawafundisha hivyo tangu siku ya kwanza mpaka mwili ushike wenyewe.

Basi miili ilishika. Watu kumi wazima, na suti zao, waliruka upande mmoja kwa mkupuo wakajibanza kwenye ukuta wa korongo, na boti ikalala. Lo! Maji yakaingia, pilau likaenda mtoni sufuria na vyote, Mageni akabaki na mfuniko. Amosi alipiga kelele kaeni, kaeni katikati, mnatuzamisha, wala hakuna aliyemsikia. Angesikiwaje wakati hakuna aliyesema Kwema? Watu wangu wa winchi, wasioshuka shimoni, wamekaa pale pale kwenye benchi, midomo wazi. Ikabidi nipige mimi, Kwemaaa! Korongo zima likaitika. Wote wakaachia ukuta wakakaa kama wanafunzi, na boti ikajiweka sawa. Jiwe lenyewe lilikuwa limeangukia majini nyuma huko, halikumgusa hata samaki.

Tulicheka, mdogo wangu, tulicheka mpaka Amosi naye akashindwa kujizuia, huku tunachota maji kwa mfuniko wa Mageni. Tulirudi na njaa, suti ya Maganga imekunjamana, na njia nzima ni hadithi ile ile. Ila Mageni alikuwa amerekodi kwa simu, akaiweka kwenye status yake, na ikatembea mpaka Ushirombo, mpaka kwako.

Nawe ukaona nilichokiona mimi. Wa kwanza kufika ukutani alikuwa Benedict.

Huhitaji mtu akueleze, kwa sababu tuliishi na marehemu kaka Tarsisi. Unakumbuka alivyokuwa akija likizo, mtoto akiangusha mfuniko jikoni, kaka anarukia ukuta wa sebuleni mikono kichwani? Nasi tunacheka, na yeye anacheka. Miezi michache baadaye kifusi kikamfunika kwenye shimo la watu, na hakuna aliyecheka tena. Ndiyo maana Benedict alipoleta posa ulisema mahari baadaye, kwanza aape mbele ya Mama na mbele yangu kwamba hatashuka shimoni maisha yake yote. Akaapa. Shahidi nilikuwa mimi.

Anashuka, Agatha. Anashuka tangu Februari.

Ngoja, usitupe barua. Mimi ndiye niliyemshusha. Mwezi ule mwamba ulionyesha dhahabu, na vijana wawili niliowaamini walikuwa wamehamia kwenye machimbo mapya. Desturi yetu huku, dhahabu ikishaonekana kwenye jiwe, mwenye duara hamwachi mgeni peke yake kule chini. Anaweka ndugu, wa damu au wa ndoa, alinde mawe yasiishie kwenye buti za watu. Ndugu niliyekuwa naye hapa ni shemeji yangu tu. Nikamwita. Akakataa. Nikamwita tena, akakataa, akasema ameapa. Mara ya tatu akasema jambo moja: kama Agatha mwenyewe atakubali, atashuka, lakini bila Agatha hata nikimfukuza kazi hashuki.

Nikamwambia sawa, nitaongea naye. Nikatoka nje na simu sikioni, nikatembea mpaka kwenye karasha la kusagia mawe ambako kelele za mashine hazimruhusu mtu kusikia, nikasimama pale kidogo, nikarudi. Nikamwambia umekubali.

Sikukupigia. Simu ilikuwa imezimwa.

Nikaongeza na la pili. Nilimwambia umekubali kwa shingo upande kwa sababu ya Tarsisi, na umeomba asikutajie habari za shimo hata siku moja, usije ukapata uchungu. Ndiyo maana hakukuambia. Alipokuja Pasaka akakaa nawe siku tano bila kusema, hakuwa anakuficha, alikuwa anatimiza ombi lako. Kila mlipomaliza kuongea kwenye simu alikuwa akinijia ananisifia mke wake. Ananiambia, dada, Agatha ana moyo, miezi yote hii hajanilalamikia hata mara moja, ananiambia tu kazi njema. Nami nikamwitikia, ndiyo, mdogo wangu ana moyo.

Na baada ya video, ulipoacha kupokea simu zake, yeye hakuelewa kabisa. Alikuja kuniuliza amekukosea nini. Alidhani labda una hasira kwa sababu tulikwenda kutembea bila wewe. Alitaka kununua khanga.

Jana asubuhi nilimwita, nikamweleza yote. Hakunifokea. Aliuliza kitu kimoja tu: siku zote zile ulipokuwa ukimwambia kazi njema, ulikuwa hujui? Nikasema ulikuwa hujui. Akakaa chini, pale pale juu ya mawe, akalia kwa sauti, mbele ya watu wote aliokuwa anashuka nao. Alikuwa anakulilia wewe, Agatha. Kwamba mara zote zile alikuwa anashuka bila ruhusa yako.

Hatashuka tena. Chini nimemweka Maganga, na asiponitosha nitashuka mwenyewe, nina miguu. Benedict nimemtoa kwenye winchi pia. Anarudi nyumbani kesho kwa basi la asubuhi, na barua hii anakuletea yeye. Haijafungwa. Nilimpa aisome kwanza, na amenirudishia mstari mmoja tu nirekebishe. Ni pale nilipoandika kwamba hakuwa anakuficha. Ameniambia nifute, niandike kwamba na yeye ana kosa, alipaswa kukuuliza kwa mdomo wake. Nimekataa kufuta. Akisema hivyo mlangoni kwako, na atasema, usimsikilize. Kosa ni langu, na hasira zako nizitumie mimi, zote, hata kwa ujumbe wa sauti wa saa nzima.

Nisalimie Mama, lakini haya usimwambie. Jumamosi nakuja kumwambia mwenyewe, na kumwomba radhi, na ukitaka kunifukuza unifukuze nikiwa nimesimama mbele yako. Wabusu watoto. Wasalimie majirani wote wanaoniuliza.

Na Benedict akifika, mpokee begi lake. Halafu mwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba hukujua. Neno langu haliamini tena, nilishamdanganya kwa jina lako.

Ni mimi dada yako,
Mbuke