Mahali pa Nguzo

Kwako Mama,

Shikamoo, na Baba umfikishie yake. Goti lako linaendeleaje? Viazi mmekwisha kuvichimba? Sisi ni wazima. Navruzsho ana miezi tisa na meno manne, na yote ameyajaribu kwangu. Mwandiko ukiuona umepinda, niwie radhi. Ninaandika nimesimama, mtoto yuko mgongoni, karatasi nimeilaza juu ya sinia mkononi.

Tuko nyumba mpya tangu Agosti. Khushbakht aliimaliza ndipo akarudi Moscow kazini. Ina bati jekundu na madirisha ya vioo, ukuta hauna ufa hata mmoja. Lakini ina nguzo nne badala ya tano. Ile ya kwanza, nguzo ya Mtume, ambayo susu ya mtoto hukaa karibu yake, haipo. Fundi kutoka Khorog alimwambia mume wangu kwamba paa limelala juu ya kuta, nguzo ile haitabeba hata shomoro. Mama mkwe alipoingia mara ya kwanza alitazama huku na huku, akasema kumbe ghala za viazi siku hizi zina vioo. Majirani wakacheka, nami nikacheka nao.

Halafu nikaanza kuona. Kila anayeingia akifika mahali pa nguzo ile hupinda. Jirani yangu Zarifmo, na bakuli la chai ya maziwa mkononi, alizunguka hewa tupu kama anayempisha mtu. Nikamuuliza anapisha nini. Akageuka kutazama, akasema, "Sijui, dada. Bega limeona haya lenyewe." Nikajiambia ni mazoea tu, sote tumekulia kwenye nguzo tano, na miguu inakumbuka.

Lakini Navruzsho anakumbuka nini? Jumanne mchana, jua likiingia kwa dirisha la darini, alitambaa mpaka pale pale, akainua mkono, akasimama. Hajawahi kusimama, Mama. Kiganja kimeegemea hewa, vidole vimejikunja kama vimeshika mti. Akawa anatazama juu, akicheka. Mama mkwe alikuwa anakata tambi; kisu kikatulia. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwanangu, ghalani hakulelewi mtoto. Theluji ikifika uani kabla ya nguzo, mjukuu nitamchukua kwangu."

Tangu siku ile mtoto halali kwenye susu wala mapajani. Hulala nikisimama naye pale tu. Nikikaa, anaamka.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Nguzo ilikuwepo. Tulipobomoa nyumba ya zamani iliyopasuliwa na tetemeko, Khushbakht aliihifadhi nyuma ya zizi, kaifunga turubai. Februari yeye yuko Moscow, mimi nalala chumba cha kando ya zizi, theluji imeziba njia. Umeme ulikatika siku nne, samadi kavu ya kuwashia ikaisha, na midomo ya mtoto wa mwezi mmoja ikageuka rangi. Niliikata kwa msumeno. Iliwaka siku mbili, ikinukia vizuri, na mtoto akapona. Jivu nililifukia kwenye shimo lake la zamani. Nyumba mpya imejengwa juu yake.

Khushbakht aliporudi aliitafuta mpaka chini ya majani ya ng'ombe. Akaniuliza, nikasema sijaiona. Ndipo akamsikiliza fundi. Leo anaitwa mjenga ghala, nami kimya.

Moto ule ningeuwasha tena, Mama. Ni uongo ndio unaonisimamisha hapa.

Mwombe Baba anikatie ule mti mweupe wa kando ya mfereji, alioupanda nilipozaliwa. Najua ameuweka kwa ajili ya nyumba ya kaka Bakhtovar. Mwambieni kaka ukweli wote, sitaki mti mwingine uingie humu kwa uongo. Mama mkwe nitamwambia leo akirudi kutoka kisimani, na Khushbakht akipiga simu Ijumaa. Kwa hao wawili wewe usinisemee. Dereva aliyekuletea barua hii anarudi Jumapili, na mti utaweza kulala juu ya gari lake.

Kaka na wadogo zangu wote nawasalimu. Mlima wa nyuma yetu umekuwa mweupe hadi katikati. Mtoto amelala. Mpaka mti ufike, mahali hapa nimepashika mimi.

Mwanao,
Savsan