Dakika Ishirini na Tano

Bhopal, 9 Januari 1994

Babuji mpendwa,

Nagusa miguu yako kutoka huku mbali. Vipi kikohozi? Mimi mzima, ila baridi ya huku inagonganisha meno.

Nimeipata picha ya yule daktari wa meno uliyenichagulia. Ni mtu mzuri. Lakini, Babuji, hapa shuleni kuna mwalimu wa hesabu, Nirupam, na moyo wangu umeshamwelekea. Mama yake ni mjane wa sala nyingi, anaamini watoto wenye adabu hawajitafutii wachumba. Basi naomba unichagulie niliyemchagua. Mwandikie huyo mama kana kwamba umesikia habari za mwanawe huko huko, kwa watu.

Mwanao,
Vaidehi

Dhanpura, 21 Januari

Mwanangu Vaidehi,

Mungu akuweke. Kikohozi kimepungua, mdomo wa shangazi yako Sarla haujapungua.

Miaka thelathini na mbili nilikuwa mkuu wa stesheni, sikuwahi kuombwa kuipungia bendera treni iliyokwisha ondoka. Nilikasirika mpaka chai ikapoa. Kisha nikasoma tena barua yako, nikaona umeandika jina lake kwa mwandiko mzuri kuliko langu.

Nimemwandikia mama yake na kumpelekea karatasi yako ya nyota, ile aliyoiandika mnajimu ulipozaliwa. Nimesema kijana nilitajiwa na kuhani wetu. Unajua uongo si kazi yangu, kwa hiyo usiniombe tena.

Baba yako

Bhopal, 11 Februari

Babuji,

Heshima zangu, na za Nirupam. Natumaini nyote wazima.

Tumekataliwa. Nirupam alizaliwa chini ya Mangala, ile nyota inayosemwa humuua mwenzi wa ndoa. Mama yake anataka binti wa Mangala vilevile. Dawa ya moto ni moto, anasema. Karatasi yangu ni safi kama sahani iliyooshwa, eti mwanawe ataniua.

Nirupam anataka twende kwa msajili tuoane wawili tu. Sitaki. Siwezi kuolewa bila mkono wako kichwani pangu, bora nimkose. Yule daktari wa meno bado yupo?

Mwanao,
Vaidehi

Bhopal, 3 Machi

Babuji,

U mzima? Wiki tatu sijapata hata mstari mmoja. Kama nimekuudhi, nigombeze, lakini usininyamazie.

Vaidehi

Dhanpura, 8 Machi

Mwanangu,

Mimi mzima wa mwili. Kimya changu kilikuwa cha aibu.

Karatasi yako ya nyota ni ya uongo, na mwongo ni mimi. Ulizaliwa saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Mnajimu aliposikia akatikisa kichwa: Mangala. Nikamwambia nimekosea, ilikuwa saa kumi na mbili na dakika tano. Mimi, niliyekuwa nikimfokea mpiga kengele kwa kuchelewa nusu dakika.

Nilikuwa nimemwona dada yangu Sarla akiozwa mgomba. Ndivyo wanavyofanya kwa binti wa Mangala: anaozwa mti kwanza, unakatwa, mkosi unakufa nao, ndipo mume anakuja. Mtaa mzima ukamwita mjane wa ndizi. Hadi leo wapo wauza ndizi wanaompa pole sokoni. Nikaapa mwanangu hatachekwa hivyo.

Juzi nilikwenda kwa mama yake Nirupam, nikiwa na mkunga Ramkali aliyekupokea. Nikakiri yote. Yule mama akanitazama, akasema, "Mzee, leo kila mwenye binti atasema wake ni wa Mangala. Nikuamini vipi?"

Ramkali akadakia, "Mama, huyu mtoto alitoka wakati treni ya barua inapiga honi hapo dirishani. Namwita baba yake aje amwone, ananijibu ngoja kwanza niipungie bendera. Na treni ile ya saa kumi na moja na dakika arobaini, zamani zake, haikuchelewa hata siku moja."

Yule mama alinimiminia tu chai ya pili, nikainywa, nikaondoka. Nilishindwa kupita kwako. Ukimkosa huyo kijana, ni kwa sababu yangu. Nisamehe.

Baba yako

Bhopal, 15 Machi

Babuji wangu,

Nagusa miguu yako, na safari hii karatasi imelowa, usishangae.

Chai ya pili maana yake ni ndiyo. Nirupam anasema kwa mama yake mgeni asiyetakiwa haimalizi hata ya kwanza. Mama yake amesema, "Nilikuwa natafuta nyota, nimepata watu. Mtu anayesafiri kuja kujiumbua kwa ajili ya binti yake, huyo ni wa kuunga naye undugu."

Nilijaribu kukukasirikia, nikashindwa. Nimecheza, nimesoma, nimekua, na hakuna aliyenitazama kama mkosi. Sikujua kuwa kulikuwa na mtu amesimama mlangoni akiuzuia. Ahsante, Babuji. Dakika zile ishirini na tano nimeishi ndani yake miaka ishirini na minne, na nilikuwa na raha.

Harusi ni tarehe 22 Aprili. Shangazi Sarla atakaa mbele kabisa. Wapambaji nimewakataza kuleta mgomba hata mmoja, tusije tukamkumbusha marehemu mumewe.

Panda treni ya asubuhi. Ikichelewa dakika ishirini na tano, tutakungoja.

Mwanao,
Vaidehi