Mbwa Asiye na Kucha

Mwaitu, mama yangu,

Leo ni Jumanne. Jana jioni nilifagia uwanja kuelekea langoni, kama ulivyozoea, ili asubuhi nisome mchanga na kujua nani amepita. Ufagio ni ule wako. Umelika upande mmoja, upande wa mkono wako.

Amepita tena.

Unakumbuka asubuhi ile mbuzi wa jirani yetu Baba Kioko alipopotea? Uliniita nje, ukachuchumaa kando ya alama za miguu. "Huyu ni chui." Nikacheka. Chui hukaa msituni, juu kilimani Mbooni. Nikaandika kwenye daftari langu la alama: mbwa. Ukaniuliza, "Mbwa gani huyo asiye na kucha?" Niliona wazi kwamba alama hazikuwa na kucha, na chui ndiye huficha kucha zake anapotembea. Lakini nilikuwa nimeshaandika kwa wino, na Baba Kioko alipokuja nikamsomea. Akamuua kwa rungu mbwa wake mwenyewe, Askari, aliyekuwa akikusindikiza mtoni. Ulimzika wewe. Hukunilaumu. Afadhali ungenilaumu.

Tangu uondoke nafuata alama kwa futi kamba. Chui anashuka na kijito kikavu, kwenye matuta ya mashamba ambayo watu waliyaacha walipohamia Nairobi. Vichaka vimefunga, pimbi na kanga wamerudi, naye amewafuata. Zamani aliishia mtoni. Sasa anafika kwetu, na juzi nilikuta alama ng'ambo ya barabara ya lami. Sijamwona hata mara moja. Nahisi tu kwamba yeye ananiona.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, Baba Kioko aliniita kwa sauti: "Wewe mwenye daftari! Mbuzi wa pili ameenda. Kwani Askari amefufuka?" Wakacheka wote. Ameshanunua sumu. Anataka nimwonyeshe njia anayopita chui.

Njia hiyo, Mama, inapita juu yako. Leo alama nne ziko kwenye udongo wa kaburi lako, ambao bado ni laini. Nimepima. Sentimita tisa. Hazina kucha.

Nimekata neno "mbwa", juu yake nimeandika ulichosema. Mchana huu nitaenda kumsomea Baba Kioko, hata akinifukuza. Nitamwambia Askari alikufa kwa kosa langu. Kisha nitamsaidia kuezeka zizi kwa waya na miiba, na kumwomba ile sumu asiitege.

Pumzika, Mwaitu. Jioni nitafagia hadi kwako. Na kukicha, nitaandika kilichopo mchangani.

Mwanao,
Mutinda