Firigisi ya Mmarekani

Nasimiyu mpwa wangu, uliye ng'ambo ya maji,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya tatu nikamsomea mama yako. Ati unataka kurudi Bungoma kabla hujamaliza masomo ya uuguzi, kwa sababu Kiingereza cha Wamarekani kimekushinda. Wakisema fulani ni "kul", yaani mtu poa, wewe unadhani anasikia baridi, unamletea sweta. Wakicheka, unacheka nyuma yao kama mwangwi. Darasani umenyamaza, unaona haya kuuliza.

Msikilize mjomba wako, mtu aliyeishia darasa la tatu kwa sababu mwalimu aliona nimemzidi. Unakumbuka nilipokuwa mkalimani wa Bwana Trekta, yule fundi Mmarekani pale shambani Kitale? Shamba zima lilinitegemea. Nilikuwa nikifasiri kabla hata hajafungua mdomo. Chui wa Saboti wakinisikia nikiongea, wananipisha njia.

Siku ile alikuja stesheni ya Bungoma kuchukua chuma cha trekta, akapita nyumbani kutusalimu. Wewe ulikuwa umefunga shule. Akanywa maji, akapanda lori, akasema, "Si yu leta," yaani tutaonana baadaye. Mimi nikatangaza kwamba mgeni atarudi baadaye kula. Nyanya yako akachinja yule jogoo mwekundu. Firigisi ni ya mwenye boma, lakini siku hiyo nikamwachia mgeni. Na unajua kwetu, mgeni akingojwa, hakuna mkono unaoingia chunguni.

Tulitazama barabara mpaka kuku wa majirani wakaingia kulala. Nyanya yako akaniuliza, "Wewe mkalimani, huyo mzungu alisema anakuja, ama ni tumbo lako lilisema?"

Majirani wakaanza kuniita Mkalimani wa Njaa. Niliona kwamba jina hilo likifika Kitale, kazi yangu imekwisha.

Asubuhi nikakupakia nyuma ya baiskeli kwenda Kitale, umekumbatia sufuria ya kuku. Milima yote nilipanda bila kushuka, upepo wenyewe ukituomba tupunguze mwendo. Tukamkuta amelala chini ya trekta. Mimi nikakohoa. Nikakohoa tena. Ndipo wewe, na Kiingereza chako cha shule, ukamwuliza polepole, "Bwana, ulisema utarudi. Mbona hukurudi? Sisi tulilala njaa."

Akatoka, akajikuna kichwa. Akaeleza kwamba kwao hayo ni maneno ya kuagana tu, hata na mtu usiyetarajia kumwona tena. Akanawa mikono, akala ile firigisi akiwa ameketi juu ya gurudumu, akaniambia, "Tangu leo nikisema neno gumu, nisimamishe."

Sasa, Nasimiyu. Miaka yote hii nimewaambia watu, kutoka Bokoli mpaka Cheptais, kwamba ni mimi niliyeuliza. Hata kanisani nimesema. Si mimi. Niliogopa kuonekana sijui. Mimi nilikohoa, wewe ukauliza, na kazi yangu ikapona hapo. Hii ndiyo mara ya kwanza nausema ukweli huo, na usimwonyeshe mtu karatasi hii.

Basi kesho mwenzako akitoa neno la ajabu, msimamishe. "Dada, hilo maana yake nini?" Akicheka, mwache acheke. Akimaliza atakueleza, watu wanapenda sana kueleza.

Usirudi sasa, bana. Hapa sokoni nimeshawaambia watu kwamba Wamarekani wanapanga foleni uwafundishe Kiingereza, na nyanya yako ameamini.

Kaa salama, mtoto wa dada yangu.

Ni mimi mjomba wako,
mkalimani wa pili baada yako.