Shamba Lako Limepata Jina, Basu

Mwaka umetimia, Basu, tangu ulipotuaga, na safari hii hatukuja na machozi matupu. Tuna habari! Mkeo Tuda alitaka tukuandikie tangu mwezi uliopita. Tukamwambia, "Mama, subiri mwaka ufike." Amesubiri, lakini kwa shida.

Kwanza tukukumbuke ulivyokuwa. Ulikuwa ukinoa mundu wako, unanoa na wa majirani, kisha unaurudisha mlangoni bila kubisha hodi. Mkate ukitoka jikoni ulimega vipande vikubwa ukawapa wengine, wewe ukabaki na ganda, ukisema ndilo tamu.

Na hadithi zako za mashamba! Wajukuu bado wanazidai. Tunawasimulia lile liitwalo Nyumbu Alikataa, mahali nyumbu aliyembeba bibi harusi aligoma kusonga, mpaka baba mkwe akampa bibi harusi ardhi ile ndipo msafara ukaendelea. Haddu mdogo huuliza, "Kwa nini aligoma?" Nasi tunajibu kama ulivyojibu wewe: "Kwa sababu alikuwa na akili kumshinda bwana harusi." Tunawasimulia na Chungu Kimeungua, shamba ambalo majirani wawili walipiga soga ukutani hadi kijiji kizima kikasikia harufu ya mchuzi.

Lakini shamba lako mwenyewe halikuwa na jina. Mafuriko yalipochukua lile la mtoni, ulijenga jingine mlimani, pale njia ya juu inapokata kona, ukaliwekea ukuta jiwe juu ya jiwe, na udongo ukaupandisha kwa punda. Ulimwaga kikapu cha mwisho cha udongo, na majira yaleyale ukatutoka.

Basi siku ya kupanga zamu za maji ya mahindi ikafika. Unajua desturi yetu: mfereji hauiti mtu, unaita shamba. Lisiloitwa halipati maji, na lisilopata maji mwaka mzima hurudi kuwa njia ya mbuzi. Tena mwenye shamba halipi jina mwenyewe. Jina hutoka vinywani mwa watu.

Wanaume walikaa karibu na mdomo wa mfereji. Upande wa pili wanawake walikuwa wakifua manyoya ya kondoo, na Tuda alikuwa miongoni mwao, masikio yote kwa wanaume. Mwanao Zayd akasimama. "Liitwe Shamba la Basu," akasema. Desturi aliijua, ila alitaka kukuheshimu, maskini.

Hmad, msimamizi wa maji, akatikisa kichwa. "Mwanangu, unataka nisimame mferejini nimpigie baba yako kelele kila zamu? Marehemu haitwi kama mbuzi aliyepotea. Mwache alale."

"Basi Shamba Jipya."

"Hayo tunayo manne," akadakia mmoja, "na moja ni la babu yangu!" Wakacheka. Zayd akaketi, uso umemshuka. Tuda akaacha kufua. Aliona mawe yako yote, miaka yako yote, yanakwenda kukanyagwa na mbuzi.

Hapo ndipo mjane Itto alipoinuka, mikono inachuruzika maji. "Enyi wanaume, mnahangaikia shamba lipi?"

"La marehemu Basu, pale konani."

"Lile? Si Tua Mzigo?"

"Tua Mzigo, ndiyo," wakaitikia wanawake, mmoja huku, mwingine kule.

Hmad akakodoa macho. "Tangu lini?"

"Tangu ukuta ulipofika kiunoni. Nyinyi mnapita mmepanda nyumbu, mtajuaje?"

Itto akawaeleza. Katika ukuta ule uliacha mawe bapa yametokeza nje, kwa kimo cha mgongo wa mwanamke aliyebeba majani ya ng'ombe. Mwanamke akifika anageuka, mzigo unakaa juu ya jiwe, kamba inalegea, anavuta pumzi. Akitaka kuondoka, hahitaji mtu wa kumtwika. "Nilipokuwa na mimba ya mwisho nilitua pale kila siku," akasema. "Hakuniuliza kitu. Aligeukia upande wa pili akajifanya anachagua mawe, nisione haya."

 Tuda akaikumbuka siku uliyomwambia, "Simama hapa na huo mzigo."

"We mzee, una nini? Nimechoka!"

"Simama tu. Inama kidogo." Ukampima kwa kamba, naye akakuita mwendawazimu mbele ya punda. Baada ya mavuno ya mwaka ule magoti yake yalikataa mizigo, hakuwahi kupita pale amebeba tena. Kumbe kimo kile ni cha mgongo wake!

"Mama," akasema mkamwana wako Izza, "nilidhani unajua!"

Hmad akalikubali. Jina lilitoka kwa watu wasio na sehemu katika shamba, na ndivyo desturi inavyotaka.

Zamu ilipofika, Tuda alipanda mwenyewe hadi konani, taratibu, ameshika fimbo. Hmad akapaza sauti: "Tua Mzigo! Maji!" Zayd akafungua mfereji kwa jembe. Maji yakaingia, ya kahawia, yakisukuma makapi. Tuda akavua viatu akasimama katika udongo wako mpaka yakamfikia miguuni. Njiani wanawake walikuwa wametua mizigo ukutani. Wakapiga vigelegele, Basu! Laiti ungesikia!

Wanaokukumbuka ni mkeo Tuda, mwanao Zayd na mkewe Izza, wajukuu wako Tlaitmas na Haddu, pamoja na wanawake wote wa njia ya juu, ambao wameomba waandikwe humu kama watu wa nyumbani.

Mungu akurehemu. Hutoki mioyoni mwetu, leo wala kesho.