Siku Moja Mtoni kwa Jina Lako

Yaya wangu Faustin, kaka yangu mkubwa,

Ujumbe wako umenifikia Jumapili nikitoka misa. Unasema utakuja Kisangani kiangazi hiki pamoja na watoto, na kwamba nikutafutie mtumbwi wa injini na ruhusa ya siku moja, "kama ile ya mwaka jana," mkaone kisiwa alichozaliwa mama. Niliusoma nikiwa mbele ya cherehani yangu hapa Mangobo, nguo ya mteja mapajani, na tangu hapo sijashona mstari ulionyooka. Nimeona nikuandikie. Kwenye simu huwa unazungumza wewe, mimi naitikia tu.

Sijasahau ulivyokuwa. Siku ile mtumbwi ulipopinduka tukitoka Lubunga, mimi nikiwa mvulana mdogo nisiyejua bado kuogelea, ulinikamata shingoni ukanivuta hadi kwenye majani ya ukingo. Kisha ukanipiga kofi kwa sababu nilikuwa nalia. Mama alipouliza nani alisimama mtumbwini, ulisema ni wewe. Nilikuwa mimi. Ulichapwa, na hukunitaja. Miaka mingi nilikupenda kwa ajili ya siku ile, na hata ulipohamia Kinshasa ukaanza kuwa sauti tu, niliwaambia watu kwamba nina kaka.

Unakumbuka tulivyokuwa tunapanga? Jumapili mama aliweka simu katikati ya meza, ukapanga wewe. Alichotaka ni kimoja: kumwona dada yake, Mama Mukubwa Albertine, aliyebaki kule kisiwani, upande huu wa Yanonge, na ambaye macho yalikuwa yanamwishia. "Tutatoka asubuhi na mapema," ulisema, "tutarudia mbele ya jua kuzama." Ukachagua hata chakula, liboke ya samaki waliofungwa majanini na kwanga ya muhogo, na makemba ya kuchoma, zile ndizi kubwa, kwa sababu Mama Mukubwa anayapenda. Ukaamua nani atakaa mbele. Mama alicheka kama msichana. Viangazi vitatu ulipanga hivyo, na vyote vitatu kazi ikakushika.

Mwaka jana ukasema safari hii tiketi ya ndege unayo mkononi. Basi mimi nikaenda ofisi ya mto. Sidhani unajua ruhusa ile inavyopatikana. Asubuhi nne nilikaa kwenye benchi lao. Walitaka majina ya abiria wote na jina la nahodha, wakaja wenyewe kutazama kama jaketi za kuelea zinatosha watu. Walitaka saa ya kuondoka na saa ya kurudi, maana giza likiingia hakuna ruhusa ya kuwa majini. Mwisho walitaka jina la mkuu wa safari, ambaye atatia sahihi yeye mwenyewe asubuhi ya safari. Nikakupigia.

"Andika jina yangu," ulisema. "Mi njo mukubwa, alors?"

Kweli mkubwa ni wewe; nikaandika jina lako juu. La mama likafuata. Langu likawa la tatu.

Ulipaswa kutua siku moja kabla. Nilisimama uwanja wa ndege mpaka abiria wa mwisho akatoka na mizigo yake. Simu yako ilikuwa imezimwa. Kesho yake asubuhi nilimkuta mama ameshaoga, amevaa kikwembe, kitenge kipya nilichomshonea kwa ajili ya siku hiyo, kikapu kiko miguuni.

"Mama, yaya hakukuya."

Alitazama mlango kidogo. "Tunaenda," akasema. "Albertine hatangoya mwaka ingine."

Kwenye bichi, bandari ndogo ya mitumbwi, afisa wa mto ambaye sikuwahi kumwona ofisini alifungua karatasi. "Responsable ya safari iko wapi? Bila yeye mutumbwi haitoke."

Nilifungua mdomo niseme ukweli, mama akanitangulia. "Ni huyu. Huyu njo Faustin yangu."

Nilipewa kalamu. Nikatia sahihi yako. Afisa akashuka na kidole kwenye orodha. "Na huyu wa tatu?"

"Mugonjwa," mama akajibu. "Amebakia nyumbani."

Akalikata jina langu kwa mstari mmoja, tukaondoka.

Nilidhani uongo ule tungeuacha pale pale kwenye bichi. Zaidi ya saa moja tulishuka na mto, magugu ya maji yakipita pembeni, na mama hakunitazama. Tulipofika, watu wa kisiwani walimtoa Mama Mukubwa kwa kumshika mkono, wakamkalisha kwenye kiti kidogo karibu na maji. Wawili wale walishikana, wakalia. Kisha Mama Mukubwa akageuza uso upande wangu.

"Na huyu umeniletea, ni nani?"

Mama alinishika kifundo cha mkono, akabana.

"Faustin," alisema.

Yaya, ni wewe ambaye Mama Mukubwa alikubeba mgongoni mwaka wa kwanza wa maisha yako. Mimi hakuwahi kunishika. Alinipapasa uso mzima, paji, pua, masikio, akisema, "Mutoto yangu, kumbe hukunisahau!" Akachovya vidole kwenye maji ya mto akanipaka kichwani, akakuombea kazi na watoto na uzee mrefu, yote kwa jina lako. Watu wakaja kunisalimia. Wanawake wakanifungia samaki wakavu. Nilikaa katikati yao mchana kutwa nikiitika jina lako, na makemba niliyochoma mwenyewe yakasifiwa kuwa ya Faustin.

Wakati wa kurudi mama alisema, "Usikasirike. Ningemwambia nini? Kwamba ule mutoto alibeba hakukuya?" Tulifika jua likiwa bado juu ya miti, afisa akaweka alama kwenye karatasi yake, akanitakia mapumziko mema. "Bon, Papa Faustin."

Jioni ile ile ukapiga simu. Mkutano, ulisema. Mama akakuambia hakuna neno, Albertine amefurahi, amekubariki. Nilikuwa mezani. Nilisikia jibu lako: "C'est normal, mama. Ni kawaida." Hukuuliza nani alimpeleka. Hukuuliza kama mvua ilitupata, au kama mimi nipo.

Mama Mukubwa alifariki kabla kiangazi hakijaisha. Waliokuja kutupa habari walisema alikwenda kwa amani kwa sababu Faustin wake alifika. Na mama, ambaye sasa miguu imevimba na hawezi tena kupanda mtumbwi, anawasimulia majirani jinsi mwanawe wa Kinshasa alivyompeleka kumuaga dada yake. Mwanzoni alikuwa akinitazama kabla ya kusema hivyo. Siku hizi hanitazami. Nadhani ameshaamini. Jirani mmoja aliniuliza, "Na wewe siku ile ulikuwa wapi?" Nikamjibu kwamba nilikuwa mgonjwa.

Ninamwosha miguu kila asubuhi, Yaya, na kila asubuhi ananiuliza habari zako.

Sitakwenda ofisi ya mto tena. Wanafungua saa mbili. Nenda ukakae kwenye benchi wewe mwenyewe. Ila kabla hamjashuka kisiwani, waambie watoto wako yaliyotokea, wasije wakashangaa. Watu wa kule watakuuliza wewe ni nani. Ukitaja jina lako, watakataa. Faustin wanamjua. Alikula nao, alilia nao, uso wake wameuona mchana kweupe.

Msalimie shemeji. Mama hajui kwamba nimekuandikia.

Mimi mdogo wako